Ugonjwa wa Kastela Zote

Mkaguzi wa magari Kilemile alilala chini ya gari la Sikujua, akaipapasa giaboksi kama anayepapasa ng'ombe wa mahari, kisha akainuka na sura ya msiba.

Gari lilikuwa Kastela, aina ambayo hata mafundi wazee walishaisahau. Sikujua, mpishi wa shughuli, alilitumia kubebea masufuria yake ya pilau, na Jumamosi ile alikuwa na harusi mbili.

“Chasisi imeoza, mama. Stika ya ukaguzi sikupi. Liache hapa hapa, nitakusaidia kulitupa.”

“Nikilichomelea?”

“Halichomeleki. Ndio ugonjwa wa Kastela.”

“Zote, bosi, au hili langu tu?”

“Zote. Nazijua nje ndani.”

“Basi niandikie hivyo hivyo, mume wangu asije akasema nimeligawa. Andika Kastela zote ni marufuku barabarani, ugonge na muhuri.”

Kilemile aliandika haraka haraka, akagonga. Sikujua alisoma taratibu, akaikunja karatasi na kuisunda kifuani.

“Ahsante. Sasa ile Kastela nyekundu unayokuja nayo kazini, ile inayolia giaboksi, nimwonyeshe trafiki wa getini karatasi hii, au utamweleza mwenyewe?”

Kilemile alilitazama geti, akavitazama viatu vyake. Kisha akaenda kuchukua stika, akaibandika kiooni kwa mkono wake.

“Haya mama, nirudishie karatasi.”

Sikujua aliwasha gari. “Acha nikutunzie, bosi. Hata mwakani kuna ukaguzi.”