Kipande Kimoja Tu

Asali haimalizwi na mlafi anayeinamisha buyu mdomoni; huyo wenye nyumba watamwona na kumzuia. Humalizwa na yule anayepita, akachovya kidole, akalamba, akaenda zake, kisha akarudi. Ndiyo maana wahenga walituonya kuhusu chovya chovya, na onyo hilo lilimkuta fundi umeme mmoja ambaye tangu utotoni watu walimwita Kibonge.

Kibonge alilelewa na dada yake, mwalimu wa hesabu, baada ya mama yao kufariki. Dada huyo ndiye aliyemfulia nguo, akamsomesha, na hata siku ya kuposa akatangulia yeye. Basi figo za dada ziliposhindwa kazi na damu yake ikawa inasafishwa kwa mashine, Kibonge hakusubiri kuombwa. Alijitolea figo yake moja. Vipimo vikaonyesha kwamba ingemfaa dada bila shaka.

"Tatizo ni uzito," daktari alimwambia. "Mwili ni mkubwa na sukari inapanda. Ukipungua, nitakupasua. Usipopungua, siwezi kumponya mmoja kwa kumuua mwingine."

Kibonge akajifunga kibwebwe. Soda akaiaga, pikipiki akaiacha uani, akawa anakwenda kazini kwa miguu huku begi la vifaa likimpiga mgongoni. Suruali zikaanza kumkimbia kiunoni. Miezi ikapita, na hatimaye daktari akatabasamu na kupanga tarehe ya upasuaji.

Kabla ya siku hiyo kufika, mke wake alizawadiwa kazini likizo ya wiki tatu kwa watu wawili katika hoteli moja ya milimani. Wakamwomba daktari ruhusa.

"Nendeni mkapumzike," akasema. "Lakini wewe, chunga sana mdomo."

"Mimi simsengenyi mtu, daktari!" Kibonge akajibu, na wote wakacheka.

Asubuhi ya kwanza alikula tunda na yai, akapanda kilima na kushuka. Siku ya pili mvua ikanyesha, hakutoka. Chakula cha mchana kilipangwa juu ya meza ndefu, kila mgeni akijipakulia atakacho, na mwisho wa meza ilikaa keki ya chokoleti iliyong'aa kama kiatu kipya. Kibonge alikata kipande chembamba.

"Mume wangu," mkewe akanong'ona, "tulikubaliana nini?"

"Kipande kimoja tu. Likizo haiji kila siku."

Jioni ikaja soseji, moja tu. Kesho yake aiskrimu, kijiko cha mkewe kwanza, kisha bakuli lake mwenyewe. Viazi vya kukaanga vikafuata, na wiki zikapita hivyo. Hakuna sahani hata moja ambayo mtu angeinyooshea kidole, na kilima kikabaki cha kutazamwa dirishani. Bafuni mwao palikuwa na mizani. Kibonge aliisukuma kwa mguu hadi nyuma ya mlango. Mkewe aliona. Akachelea ugomvi, akaendelea kukunja nguo.

Dada akapiga simu. "Vipi, mdogo wangu? Unajitunza?"

"Najitunza, dada. Ondoa shaka."

Baada ya simu alikaa kitandani, ameinamisha kichwa. Kisha ikagongwa kengele ya chakula, naye akainuka.

Tarehe ya upasuaji ilipofika, dada aliketi kwenye benchi la korido na begi lake la kulazwa mapajani. Ndani, Kibonge alipanda mizani huku jasho likimtoka. Daktari alitazama, akapima sukari, akapima tena.

"Umekula nini huko?"

"Vitu vidogo vidogo tu, daktari."

"Hivyo vidogo vidogo vimekurudisha ulikotoka. Nikikupasua sasa, naweza kukupoteza. Naahirisha."

Kibonge alipotoka, dada alisimama, akamtazama usoni. Aliketi tena, akalikumbatia begi.

Usiku ule Kibonge alikataa chakula. "Kujinyima hivyo hakutamponya wifi," mkewe alimwambia. "Kula unachotakiwa, kisha utembee." Akatembea kama mtu anayefukuzwa. Lakini uzito unaokuja mbio huondoka ukijikokota, na kabla haujaondoka, mrija unaopitisha damu ya dada kwenye mashine ukaingiwa na vijidudu. Homa ikampanda, akapoteza fahamu. Kibonge alikesha nje ya mlango wa wodi, akishtuka kila muuguzi alipotoka.

Dada alipona homa, ila ilimwachia moyo dhaifu, usiopiga sawasawa. Kibonge alipopanda mizani tena, daktari alitikisa kichwa kwa upole.

"Wewe sasa uko tayari. Yeye hawezi tena kuhimili upasuaji."

Kibonge alipiga magoti kando ya mashine. "Nimekuua, dada yangu."

"Sijafa!" dada akasema kwa ile sauti ya darasani. Kisha akamshika mkono. "Ungekula sinia zima siku moja, ungeshtuka mwenyewe. Uliiba kidogo kidogo, ndiyo maana hukujiona mwizi."

Mashine iliendelea kunguruma. Kibonge alilia kimyakimya, mwili umepungua, figo zote mbili nzima, na hana wa kumpa. Ama kweli, chovya chovya yamaliza buyu la asali.