Fundi Aliyeona Aibu Kusema Hajui

Mjini Makambako palikuwa na fundi wa kompyuta, jina lake Mgaya, aliyeaminiwa na maduka, zahanati na shule za mji ule. Siku moja aliitwa katika shule ya sekondari, kwenye ofisi ya karani. Karani huyo, Bi Skolastika, alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, aliyejifunza kompyuta ukubwani, kwa taabu. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa kinaonyesha maandishi makubwa yenye ukungu, na kingo za ukurasa hazikuonekana.

Mgaya alirekebisha mipangilio ya kompyuta, picha ikatulia. Kesho yake kompyuta ilipowashwa, ubaya ukarudi. Akaitwa tena, akarekebisha tena, ukarudi tena. Mara ya tatu mwalimu mkuu alimuuliza, mbele ya walimu wote, tatizo ni nini. Mgaya hakujua. Aliona aibu kusema hajui, akasema mashine ni nzima, ila kuna mtu anaichezea. Hakutaja jina. Hapakuwa na haja, maana kompyuta ile iliguswa na mtu mmoja tu.

Bi Skolastika alisema hajagusa kitu. Mwalimu mkuu alimwamini fundi, kwa kuwa fundi alijitambulisha kuwa anajua. Wiki ileile yule mama akahamishiwa stoo, kugawa chaki na mafagio, na kiti chake akapewa mwalimu wa hesabu.

Kioo hakikubadilika. Hapo ndipo Mgaya alipokichukua mpaka karakana yake, akakichomeka kwenye kompyuta nyingine, na ukungu ukaja uleule. Kila kioo kina kumbukumbu ndogo ndani yake; kikichomekwa, huiambia kompyuta kinaitwaje na kinaweza kuonyesha picha ya ukubwa gani. Kompyuta haina njia nyingine ya kujua, huamini. Kumbukumbu ya kioo hiki ilikuwa imeharibika, nacho kilikuwa kinajitaja kuwa kioo kidogo cha zamani. Kompyuta ilitii tu ilichoambiwa. Kipimo kile kilichukua dakika tano. Angeweza kukifanya siku ya kwanza.

Akanakili taarifa sahihi kutoka kioo kizima cha aina hiyohiyo, akaziandika upya ndani ya kile kibovu, akakirudisha shuleni. Mwalimu mkuu akamshukuru. Mgaya akapokea shukrani, akanyamaza.

Akiwa anatoka, alipita mlangoni pa stoo, akamwona Bi Skolastika amepiga magoti akipanga maboksi ya chaki. Akaingia, akamweleza yote kwa sauti ya chini, akaomba radhi. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi yake.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini ulinichafua mbele ya walimu, na sasa unanisafisha humu stoo."

Siku nane Mgaya alitembea na neno lile. Watu walipomwita fundi, aliinamisha macho. Siku ya tisa akaomba kuingia kwenye kikao cha walimu, akasimama, akasema kwamba kioo ndicho kilichokuwa kibovu, kwamba hakukipima, na kwamba alimsingizia mama wa watu ili yeye asionekane hajui. Siku hiyohiyo Bi Skolastika akarudishiwa kiti chake.

Lakini ndani ya siku zile nane mwalimu mmoja alikuwa amehamia shule ya mbali, na huko amekwisha kusimulia habari za karani aliyekuwa akiharibu kompyuta kwa makusudi. Niambieni, ninyi mnaonisikiliza: neno lile, nani atalifuata alirudishe?