Nyumba Ndefu ya Swala

Paukwa. Pakawa.

Mlio nyuma sijawasikia. Paukwa. Pakawa.

Hapo zamani za kale, Mwenyezi Mungu alizuia mvua. Mito ikakauka. Korongo, wale ndege wa mbawa pana, wakawahurumia wanyama. Wakasema, "Tutawabeba mgongoni hadi ng'ambo ya milima, kwenye maji. Ila twaruka hewa ikiwa na joto tu. Ikipoa, haitubebi."

Simba akaagiza ijengwe nyumba ya abiria. Mafundi wawili wakachora mchangani. Fuko alichora nyumba ya duara, milango yote karibu na kiingilio. Swala alichora nyumba ndefu, iliyonyooka, milango ikianzia mbali na kiingilio, kila korongo na mlango wake.

"Kwenye duara lako ndege watapigana mbawa," Swala akamcheka.

"Watapishana, ndugu yangu. Watangojana kidogo. Na kwako, mgonjwa ataufikiaje mlango wa mwisho?"

"Kwa miguu. Wewe pua yako mwenyewe huioni, utaniambia nini habari za mbali?"

Desturi ya nchi ile ilikuwa hii: mchoro hutandazwa kwanza kwa majivu juu ya ardhi, kwa ukubwa wake kamili, na fundi huutembea mbele ya Simba. Fuko akautembea wake, polepole. Swala akautembea wake: paa, paa, paa. Kufumba na kufumbua, yuko mwisho. Simba akaridhika. Nyumba ndefu ikajengwa, ikapakwa chokaa, ikapendeza macho, na moyo wa Swala ukajiinua.

Siku ya safari ikafika. Mama yake Swala, mwenye goti bovu, alipangiwa mlango wa mwisho. Kwata. Anapumzika. Kwata. Nyuma yake Kobe: kru, kru. Jua likaanza kuinama.

"Mama, jikaze."

"Najikaza, mwanangu. Mlango wenyewe uko wapi?"

"Ule pale."

"Ndivyo ulivyosema tulipoingia."

Swala akakimbia hadi mwisho. Korongo amekwisha kunyoosha shingo. "Hewa inapoa, Swala. Nikizidi kungoja, nitaanguka naye."

Akarudi. Mama ameketi sakafuni. Kobe yu kando yake. Swala akautazama ukuta wake mweupe, akaona kaburi. "Ee Mola," akasema, "nimejenga kwa kipimo cha mguu wangu mwenyewe."

Akainamisha pembe. Ngu. Ngu. Ukuta haukutikisika. Ngu. Damu ikamtoka. Huko nje Fuko akasikia. Hakumkumbusha kicheko chake. Akachimba chini ya ukuta, akachimba, akachimba. Pwaa. Ukuta ukaanguka.

"Njooni huku," Swala akawaita korongo. Wakaja, wakalizunguka lile tundu, wakipishana mbawa, mmoja akimngoja mwenzake. Wakawa duara.

Mama akalitazama tundu, akamtazama mwanawe. "Sasa umejenga," akasema.

Akapanda. Kobe akapanda. Korongo wakaruka chini chini, wakigusa vichwa vya nyasi zilizokuwa zingali na joto la jua, hata hewa ikawashika. Swala na Fuko wakabaki kungoja joto la kesho.

Enyi wajengao, sikieni. Mola hakuwapa viumbe wake mguu mmoja. Ajengaye njia ya wengi na aipime kwa mwendo wa aliye dhaifu. Na aliyekosea asikate tamaa, maadamu angali na pembe za kubomolea.

Hadithi yangu imeishia hapo, penye tundu la ukuta. Apitaye na apite.