Majivu ya Namkunda

Mtu mmoja alikuwa na moto usiofanana na mioto ya jirani zake. Aliitwa Namkunda, mama wa watoto wawili, na kwao milimani moto wa jikoni haukuachwa ufe. Jioni ulifukiwa, asubuhi ukafukuliwa. Lakini moto wa Namkunda ulikuwa na siku zake. Siku nyingine uliruka hadi darini, naye akainjika vyungu vitatu pamoja, akaita kila mtu aje kula. "Leo mama Nakijwa atapika hata mawe," walicheka wapita njia. Siku nyingine ulilala. Hapo alikaa mbele ya mafiga bila nguvu ya kuupuliza, na watoto wakala kiporo cha baridi.

Mfinyanzi mmoja, mama aliyezoea mioto mikali, alikuja akautazama siku nyingi, kisha akamwonyesha majivu, akamwagiza hivi. Kiganja kimoja asubuhi, kiganja kimoja jioni. Majivu yatauzuia usiruke, na majivu hayo hayo yataulinda usife. Usiache hata siku ambayo moto ni mzuri. Siku hiyo hasa usiache.

Namkunda akafanya hivyo, na nyumba nzima ikajifunza. Mumewe, Elinaza, akiona mwali umepanda alivuta ukuni mmoja nje, bila kugomba. Watoto walijua kwamba moto ukilala, wachukue kigae waende kwa Mama Mbonea, jirani yao, kuomba kaa la moto. Mama Mbonea aliwatilia makaa mawili, akawawekea jani bichi la mgomba chini ya kigae wasiungue vidole, wala hakuwauliza lolote.

Ikaja habari kwamba mama yake Elinaza anakuja kuwatembelea. Kwa watu wale, mke mwema huzoa majivu jikoni ili mgeni asiyaone. Namkunda akaona haya. Tena moto ulikuwa umetulia miezi mingi, akadhani umekwisha kupona. Akayazoa yote, akayamwaga migombani.

Siku ya tatu moto ukaruka. Yeye alikuwa akiimba na kuongeza kuni, hata nyasi za paa zikashika moto. Elinaza na majirani waliuzima, hakuna aliyeumia. Kisha moto wa jikoni ukalala, na safari hii ukalala kabisa.

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyoikuta nyumba: paa jeusi, mafiga ya baridi, na mkwewe amegeukia ukutani. Hakupiga kelele. Alitandaza kanga chini, akaanza kufunga nguo za watoto. Alisema nyumba hii hailei mtu, wajukuu wake watakwenda kwake.

Nakijwa, binti yake Namkunda, alikuwa na miaka tisa. Alitoka kimya, akarudi na kigae chenye makaa ya Mama Mbonea, na katika upindo wa gauni lake majivu aliyoyakusanya migombani. Akaviweka vyote mbele ya mama yake. Ndipo akampigia bibi yake magoti.

"Bibi," alisema, "moto wa hapa tunaujua. Wa kwako hatuujui."

Namkunda akageuka. Akayapanga makaa, akapuliza, akapuliza tena, hata mwali mdogo ukasimama. Kisha, mama mkwe akimtazama, akachota kiganja cha majivu akatia, wala hakuuficha mkono wake.

 Mama mkwe akaifungua kanga, akazirudisha nguo za watoto moja moja mahali pake, akanywa uji uliopikwa kwa moto ule.

Na alipokuja mara nyingine, alipita katikati ya soko akiwa na kikapu cha majivu ya jiko lake mwenyewe kichwani.

"Bibi, siku hizi unauza majivu?" walimtania.

"Siuzi," akajibu, shingo imenyooka. "Nampelekea mwanangu Namkunda."

Ninyi mnaomjua mama ambaye moyo wake hupanda mno na kushuka mno, naye kila siku humeza dawa yake na kulea watoto wake: mkipita mlangoni kwake, mtatazama paa lililoungua, au mtoto aliyejua pa kwenda na kigae?