Uzio Uliovishwa Milusina

Habari za asubuhi, nyumba ya Bwana! Mbona mnaitika kama watu waliolala njaa? Amkeni jamani, maana leo nina neno tamu, na nikichelewa kulisema litanitoka lenyewe.

Kulikuwa na bwana mmoja, wa huku huku kwetu milimani, mwenye uzio wa michongoma uliopandwa na marehemu baba yake. Uzio ule ulikuwa sifa ya boma. Kila Jumamosi bwana huyu aliupunguza juu juu kwa panga, akaunyoosha, ukampendeza kila apitaye barabarani. Lakini ndani, ndugu zangu! Ndani ulikuwa umechoka. Juu majani mazito, chini vijiti vikavu na uwazi mtupu, na mbuzi wa jirani walipita pale kama wanaingia kwao. Mboga za mkewe ziliisha zote.

Mke akasema, "Baba, tuukate mpaka chini."

"Chini wapi?"

"Magotini. Yasibaki hata majani. Mchongoma haufi kwa panga."

Bwana akaruka. "Uzio wa baba yangu? Watu watasema tumerogwa!"

"Watu watasema wiki moja. Mbuzi wanakula mwaka mzima."

Bwana akalinoa panga. Mvua za kwanza za masika ziliponyesha, wakaukata wote, upande wa mbele barabarani na upande wa nyuma kule jikoni. Lo! Vikabaki visiki vimejipanga kama meno ya mzee. Mzee Elinazi, usinitazame hivyo, sijasema meno yako.

Sasa, siku hizo hizo ikaja habari kwamba binti yao anaposwa na washenga wako njiani. Bwana akachanganyikiwa. Binti huyu alikuwa mboni ya jicho lake, na kijana aliyemposa alikuwa kijana mwema, wa nyumba ya heshima. Akamwambia mkewe, "Wakikuta boma limenyolewa hivi watatudharau. Posa itavunjika, na mtoto wangu atalia kwa sababu ya panga langu!"

Akafanya nini? Akaenda shambani akakata matawi ya milusina, yale yale tunayowakatia mbuzi, akayafunga kwa kamba juu ya visiki vyote vya mbele. Akafunga, akashindilia, pakawa kijani kitupu! Washenga wakaja, wakausifia uzio, wakanywa chai, posa ikapokelewa.

Na hapo ndipo alipoharibu. Sifa ni tamu, wapendwa. Majani yakinyauka anaondoa, anakata mengine, anafunga tena. Masika yote inanyesha, yeye yuko barabarani na kamba zake. Mkewe akamwambia, "Baba, toa hayo majani. Visiki vinataka jua." Akajibu, "Ngoja kwanza mahari ipite."

Ngoja kwanza! Nani humu ndani hajawahi kuisema hiyo? Ngoja kwanza wageni waondoke, ngoja kwanza harusi ya mdogo wangu ipite, ngoja kwanza nipate nguo ya kuendea kanisani. Tunamngojesha Mungu mlangoni kama mtu aliyekuja kuazima chumvi!

Basi siku ya mahari ikafika. Alfajiri bwana amevisha uzio matawi mabichi, yananukia. Wageni hao, na nyimbo, na vigelegele, na beberu la mahari limenona. Beberu unalifunga wapi? Wakalifunga pale pale karibu na geti, kwenye uzio. Ee, naona mmeshaanza kucheka! Beberu likageuka, likaona milusina. Likavuta tawi, na tawi likaja na kamba, kamba ikaja na matawi mengine, beberu linarudi nyuma na uzio unalifuata, mpaka mbele ya wakwe pakawa peupe kabisa. Vigelegele vikakatika.

Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja asiye na breki mdomoni, akasogea, akainama, akakwaruza kisiki kwa ukucha. Kikavu. Akakwaruza cha pili, kikavu vilevile.

"Mkwe," akasema, "hii ni nini?"

Bwana akajibu kwa sauti ndogo, "Tuliukata, mama. Nikaona aibu muukute vile."

"Aibu gani? Mimi nimetoka jikoni sasa hivi kuwasaidia wenzangu, nimeona michongoma ya huko nyuma ilivyochipua, hata kuku hapiti! Nikasema moyoni, hawa ni watu wa kazi, tumepata mke. Sasa hii ya mbele nani ameiua?"

Nani ameiua? Nawauliza nyinyi! Ni panga? Panga lilikuwa lile lile! Mvua ile ile, udongo ule ule, mkono ule ule. Kule jikoni, ambako hakuna mgeni wa kumwonea haya, visiki vilikaa uchi juani na vikachipua. Huku mbele vilivishwa vikapendeza, na humo humo ndani ya kupendeza vikafa. Posa haikuvunjika, binti akaolewa. Lakini bwana yule alilia mbele ya wakwe zake, kisha akang'oa visiki vya baba yake kimoja kimoja.

Sasa tuje kwetu. Mwaka huu wengi wetu tumekatwa mpaka magotini. Kazi imekwisha. Ndoa inayumba. Mtoto uliyemsomesha kwa jasho, pombe imemshika. Na sisi tunafanya nini? Jumapili tunajivisha vizuri, tunakuja hapa, mwenzako akikuuliza "Umeamkaje, mama?" unajibu "Salama kabisa, namshukuru Mungu," huku moyo unavuja damu! Tunaimba kwaya tumefungwa kamba. Mimi mchungaji wenu simo? Nimo!

Lakini sikilizeni, na nalisema hili kwa furaha, natamani hata kuruka: kukatwa hakujakuua! Ungekuwa umekufa usingekuwa unaumia. Mizizi ipo, mvua inanyesha, na Mkulima wetu hajakosea hata pigo moja. Anachokuomba ni kuacha kupaficha hapo ulipokatwa. Mwambie mtu mmoja ukweli leo. Mwambie mume wako. Mwambie mzee wa kanisa, yule anayejua kunyamaza.

Tusimame tuombe. Na leo, tafadhali, usifute machozi kabla jirani yako hajayaona.