Kwa Nini Jani la Mlangoni Lina Tumbo la Zambarau

Mmea huu mnaouona ukining'inia kwenye vibaraza vyetu, zamani ulisimama wima kama mchicha. Majani yake yalikuwa ya kijani kitupu, na ua haukuwa nalo. Watu wa milima ya Taita waliung'oa pamoja na magugu.

Mghoi peke yake aliuacha ukue mlangoni pake. Kiangazi kilipokaza, aliumwagia maji aliyooshea mboga. Jirani yake, Mama Mkawasi, alimcheka.

"Unanywesha gugu, mwanangu? Halina hata harufu."

"Linanipokea nikirudi shamba," alijibu Mghoi. "Hilo linanitosha."

Alasiri moja ukungu mzito ulishuka ghafla. Mghoi akamtafuta bintiye mdogo, Wakesho, asimwone. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Majirani waliingia msituni wameshikana mikono, wakarudi mikono mitupu, na wote walijua kwamba mwisho wa msitu ule kuna genge lenye kina kirefu. Mghoi akaketi mlangoni.

"Laiti ungekuwa na miguu wewe," aliuambia mmea huku akilia.

Mmea ukalala chini. Ukaanza kutambaa, na kila pingili iliyogusa udongo ilitoa mizizi, ikashika, ikaisukuma nyingine mbele. Mghoi akaufuata kwa magoti, akiupapasa. Ukungu uliyagandia majani njia nzima, ukayachora michirizi ya fedha.

Wakesho alikuwa chini ya mzambarau, hatua chache tu kutoka gengeni, akila matunda yaliyoanguka. Alihisi kitu kikimtekenya mguu. Akakishika kwa chini kwa vidole vyake vilivyolowa zambarau, akakifuata jani kwa jani, hadi akagongana na mama yake.

"Mama, nimekuwekea," alisema, akifungua kiganja chenye zambarau zilizopondeka.

Mghoi alizila zote, akicheka na kulia kwa pamoja.

Kijiji kilicheza ngoma mpaka mavumbi yakatimka. Kulipopambazuka, ukungu umeondoka, waliukuta mmea umechanua viua vya rangi ya waridi njia nzima. Mama Mkawasi alikuwa wa kwanza kubisha hodi.

"Nikatie nami kipande. Nina wajukuu watundu."

Na tangu siku hiyo mmea huu hausimami tena. Majani yake yana fedha juu na zambarau chini, na popote kipande chake kinapoanguka, kinaota. Ndiyo maana huku kwetu, mwanamke akijifungua, jirani humpelekea kipande akipande mlangoni, kianze kumzoea mtoto mapema.