Mwalimu wa Asubuhi na Mwalimu wa Saa Tisa

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo, muweke kidole pale tulipoishia. Nataka kuwapa mfano.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mrefu, sauti ya mnadani. Huyo ndiye alikuwa mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anasimama getini na fimbo ya mpera. Ukichelewa, mikono mbele, hakuna maelezo. Siku moja mkuu wa shule akapata barua kutoka juu: kila shule iwe na ushauri nasaha. Akaangalia huku, akaangalia kule, akamwita mwalimu huyohuyo. "Mwalimu," akamwambia, "watoto wanakuogopa wewe kuliko wote. Basi wewe ndiye watakayemsikiliza."

Mnacheka? Kwani nyumbani kwenu mnafanyaje?

Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Aliifagia stoo ya majembe na mipira, akaweka viti viwili, akatandika mezani kitambaa alichofuma mke wake, akabandika karatasi mlangoni: KARIBU, ALHAMISI SAA TISA. Paredini akawatangazia wanafunzi, "Mficha maradhi kifo humuumbua! Mwenye jambo lake aje, nitamsikiliza." Wanafunzi wakatazama viatu vyao. Alhamisi ya kwanza hakuja mtu. Ya pili, hola. Ya tatu alikaa peke yake akisahihisha madaftari, akasema moyoni, watoto wa siku hizi hawana shida yoyote, wana uvivu tu.

Alhamisi ya nne mlango ukagongwa. Alikuwa binti wa kidato cha kwanza, miaka kumi na minne haijatimia. Mwalimu alimfahamu sana, maana ndiye mchelewaji sugu. Asubuhi ileile alikuwa amemchapa, na viganja bado vilikuwa vimevimba. Mlango aliusukuma kwa kiwiko.

Akaketi. Akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo mwalimu. Nina jambo. Lakini kwanza niahidi hutamwambia mwalimu wa asubuhi."

"Mwalimu gani wa asubuhi?"

"Yule wa getini. Ataniongezea."

Mwalimu akajaribu kucheka. "Binti, yule wa getini si ni mimi?"

"Najua, mwalimu. Ila yule hana nafasi ya kusikiliza. Karatasi ya mlangoni imesema wewe unayo."

Ndipo akafungua moyo. Mama yake alijifungua mwezi uliopita, na tangu hapo analala ameelekea ukutani, hali, hasemi, mtoto hataki kumshika. Baba yuko safarini. Kila alfajiri binti ndiye anayemwogesha mdogo wake, anamchemshia maziwa, anamsubiri jirani arudi kutoka kuteka maji, akishamwachia mtoto ndipo anakimbilia shule. "Na jana, mwalimu, mama kaniambia nimlee mtoto vizuri, maana yeye hatakuwepo."

Wapendwa, yule mwalimu aliinama. Akavitazama vile viganja, viganja vinavyoshika kichanga alfajiri, akajiona kama mtu aliyeingia patakatifu na viatu vya matope. Hakungoja kengele. Alikwenda na binti hadi zahanati, wakamchukua muuguzi, wakaenda wote nyumbani. Mama alipelekwa hospitali, akatibiwa. Yuko hai, na kichanga kinatambaa.

Mnataka kusema haleluya? Ngojeni.

Wengine mnasubiri niseme habari ya fimbo. Sisemi, hilo mwalimu ameshamalizana na Mungu wake. Mimi namshangaa yule mtoto. Namshangaa mpaka naogopa! Mtu amekuchapa asubuhi, wewe ukaamini ndani yake kuna mtu mwingine mwema, ukaenda kumgongea mlango? Imani ya namna hiyo sisi watu wazima tutaitoa wapi? Sisi mtu akitukosea mara moja tu, hata salamu hapati.

Lakini hesabuni pamoja nami. Binti alikaa na siri ile wiki nne. Mama alizama wiki nne, kichanga kikalia wiki nne, kwa sababu mtu wa kuambiwa alikuwa mwema saa moja tu kwa wiki.

Sasa sisi. Baba, mtoto wako anaijua ratiba yako, anajua saa ya kukukwepa. Mama, anajua siku ambayo uso wako unaingilika. Na mimi mchungaji wenu najua ziko nyumba zinanipikia kuku na kunificha kilio. Tukiingia sebuleni watoto wakanyamaza, tunajisifu kwamba wana adabu. Adabu? Kesho Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, umekosa soksi, hasira iko puani, naye ana jambo la kufa na kupona: atakuambia? Au atakupa shikamoo yake, wewe useme marahaba, naye apite?